Akiba ya umeme huanzia kwenye paa, si kwenye mita

Kila mwaka kati ya Januari na Machi, kabla ya mvua za masika kuanza, mji wa Mbita pamoja na visiwa jirani vya Rusinga na Mfangano hupatwa na joto ambalo wenyeji hawahitaji kusimuliwa. Mchana mabati huwaka juu ya vichwa vya wanafunzi madarasani. Jioni kuta huanza kulitema joto ambalo zimekuwa zikilimeza tangu asubuhi. Usiku ukiingia, familia nyingi hubaki uani hadi saa nne au saa tano kwa sababu ndani hakukaliki.

Hayo si mageni. Lililo geni ni kwamba nyaya za umeme zimefika katika nyumba nyingi ambazo awali ziliangazwa kwa koroboi, na nyuma ya nyaya hizo zimefuata feni na, kwa wachache wenye uwezo, viyoyozi. Suala la kupoza nyumba bila kufilisika, ambalo tulizoea kuliona kuwa la watu wa ng'ambo, limekwisha kubisha hodi katika ufuo wa Ziwa Victoria. Hatuna budi kulijadili mapema, kabla bili hazijatufundisha kwa bakora.

Tatizo la kwanza ni la lugha, na msomaji ataniwia radhi nikianzia hapo kwa kuwa isimu ndiyo kazi yangu. Ushauri mwingi tunaoletewa kuhusu kupunguza gharama za kupoza nyumba umeandikwa katika nchi zenye majira manne, na unapofasiriwa kwa Kiswahili, majira yao ya joto huitwa kiangazi. Tafsiri hiyo huenda ikampatia mwanafunzi alama katika mtihani, lakini inapotosha maisha. Kiangazi chetu ni kipindi cha ukavu, yaani wakati usio na mvua. Majira ya joto ya Ulaya na Marekani ni miezi michache ambapo jua hupanda juu na mchana hurefuka, kisha hali hiyo hupita na watu hurudi kuwasha moto wa kuota.

Nyumba za huko zilijengwa kwanza kwa ajili ya kukinga baridi. Zimezibwa barabara, zina tabaka la kuzuia joto kupita ukutani na darini, na ndiyo maana mkaazi wake huambiwa afunge madirisha mchana, ateremshe mapazia na kukipandisha kipimo cha kiyoyozi nyuzi mbili au tatu ili bili ipungue. Mpangaji wa chumba chenye bati tupu pale Mbita akiufuata ushauri huo wa kujifungia ndani saa nane za mchana, atajioka kama mkate.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Wenzetu wanatafuta namna ya kubana umeme ambao tayari wanautumia kupoza nyumba. Sisi tuna nyumba ambazo bado hazijaanza kuula umeme huo, na nyingine nyingi ambazo hata msingi wake haujachimbwa. Akiba yetu kubwa kwa hivyo haimo katika kubana matumizi. Imo katika kuzuia hitaji lenyewe lisizaliwe. Na hitaji hilo huzaliwa kwenye paa.

Tuyatazame maumbile ya mahali penyewe. Mbita iko kusini mwa ikweta kwa umbali usiofika hata nyuzi moja. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, jua la adhuhuri husimama wima juu ya utosi, na hata Juni na Desemba linapoinamia kaskazini au kusini halishuki sana. Kwa sababu hiyo, sehemu ya nyumba inayopigwa na jua kuliko nyingine zote ni paa. Baada ya paa hufuata ukuta wa mashariki, unaopigwa asubuhi, na ule wa magharibi, unaopigwa alasiri wakati ambapo hewa yenyewe imekwisha kupata moto. Kuta za kaskazini na kusini hupata nafuu kubwa. Mwanafunzi wa jiografia wa shule ya upili anayajua hayo yote. Linalosikitisha ni kwamba mwenye kiwanja na fundi wake hawamwulizi.

Sasa paa hilo ni la nini? Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba takriban kaya 80 katika kila 100 nchini Kenya ziliishi chini ya mabati. Sensa hiyo hiyo ilionyesha kwamba kaya zilizopata mwanga kutokana na umeme wa gridi zilikuwa zimevuka nusu kidogo. Ziweke takwimu hizo mbili bega kwa bega, nawe utaona safari yetu inaelekea wapi. Familia iliyo chini ya bati tupu na iliyokwisha kuunganishwa na waya iko hatua moja tu kutoka kwa muuza feni, na hatua mbili kutoka kwa muuza viyoyozi.

Nisieleweke vibaya. Sina nia ya kuyatukana mabati wala kuwarudisha watu kwenye nyasi. Bati halivuji, halishiki moto upesi kama nyasi, halihitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na huteka maji ya mvua, jambo ambalo si dogo kwa mama aliyekuwa akipanda kutoka ziwani na mtungi kichwani. Aidha nyasi nzuri za kuezekea zimekuwa adimu, na mafundi wake ni wazee. Watu walilichagua bati kwa akili timamu.

Lakini bati ni jembamba na halina uwezo wowote wa kulizuia joto. Jua likilipiga hupata moto mara moja, na upande wake wa chini huwa kama jiko lililoning'inizwa juu ya kichwa, linalorusha joto chini kwa mnururisho hata kama hewa ya chumbani ingali baridi kiasi. Likishika kutu hali huwa mbaya zaidi, kwa maana rangi iliyofifia hunyonya mwanga ambao bati jipya lingeurudisha angani. Upande wa kuta mambo huenda kinyume: matofali na mawe huchelewa kupata moto, lakini yakishaupata huchelewa kuuachia. Ndiyo sababu saa mbili za usiku bati limekwisha kupoa ilhali chumba kingali tanuri.

Feni hailirudishi joto hilo lilikotoka. Kazi yake ni kuisukuma hewa ili jasho likauke upesi, na kwa hivyo humpoza mtu, haipozi chumba. Anayeiacha ikizunguka katika chumba kisicho na mtu analipia upepo wa kuzimbembeleza kuta. Kiyoyozi ndicho kinacholitoa joto nje, lakini katika chumba chenye bati tupu juu na nyufa pembeni, mashine hiyo hushindana na jua lenyewe, na anayelipia mashindano hayo ni mwenye mita.

Tupige hesabu ndogo, ambayo mwalimu anaweza kuiandika ubaoni. Feni ya kawaida ya dari hutumia wati 60 hivi. Ikizunguka saa 8 kila usiku kwa siku 30, itakula uniti 14 na kitu. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja hutumia wati 1,000 hivi kinapofanya kazi. Saa hizo hizo 8 kwa siku 30 ni uniti 240, na hata tukikubali kwamba mtambo wake hupumzika nusu ya muda huo, zinabaki uniti 120. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) iliyagawanya matumizi ya nyumbani katika madaraja matatu: yasiyozidi uniti 30 kwa mwezi, yaliyo kati ya 30 na 100, na yanayopita 100, kila daraja likiwa na bei ya juu kuliko lile la chini yake. Hivi ni kusema kwamba kiyoyozi kimoja, kabla taa moja haijawashwa wala simu moja haijachajiwa, kinamrusha mwalimu wa shule ya msingi hadi daraja la wenye nacho. Bandu bandu huisha gogo, na mshahara ni gogo jembamba.

Kuna na suala la saa. Matumizi ya umeme nchini Kenya hufika kilele chake jioni, watu wanaporudi nyumbani na kuwasha taa, runinga na pasi. Saa hizo ndizo zile zile ambazo kuta hutema joto, na ambazo mitambo ya sola haizalishi tena kwa kuwa jua limetua. Kila feni na kila kiyoyozi kinachoongezwa kwa hivyo kinaiongezea gridi mzigo katika saa ambayo tayari imelemewa. Nchi iliyoonja giza la tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu kila pembe na hata uwanja mkuu wa ndege jijini Nairobi ukaathirika, haina haja ya kuelezwa maana ya gridi yenye ugonjwa.

Ulimwengu mzima umekwisha kuliona hilo. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2018 kwamba feni na viyoyozi vilikuwa vikichukua karibu sehemu moja ya tano ya umeme wote unaotumika majumbani na katika majengo mengine duniani. Karibu nasi, mnamo Oktoba 2016, mataifa yalikutana mjini Kigali na kukubaliana kupunguza hatua kwa hatua gesi zinazotumika katika viyoyozi na majokofu, kwa kuwa zikivuja huongeza joto la dunia kupita kiasi. Yaani mashine tunayoinunua ili kulikimbia joto huchangia kulileta. Hilo halimaanishi kwamba mgonjwa wa wodini au mtafiti wa maabara anyimwe kiyoyozi. Linamaanisha kwamba kiyoyozi kiwe tegemeo la mwisho, baada ya nyumba yenyewe kufanya kazi yake.

Hapa pana jambo ambalo kwa watu wa Mbita lina uzito kuliko bili, nalo ni malaria. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba katika kanda ya ziwa watoto 19 kati ya kila 100 waliopimwa walikuwa na vimelea vya malaria, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 6 kati ya 100. Serikali na wahisani wamegawa vyandarua kwa mamilioni. Lakini mwaka 2011 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti kutoka nchi nyingi kuhusu sababu za watu kutolala ndani ya vyandarua walivyo navyo, na sababu iliyojitokeza mara nyingi zaidi ilikuwa kutojisikia vizuri, hasa kwa ajili ya joto. Nani atamlaumu mtoto anayekisukuma chandarua pembeni katika chumba kinachofuka? Na wale wanaobaki uani hadi saa tano wakingoja chumba kipoe, wanawangojea mbu vile vile. Basi paa la nyumba si suala la starehe. Ni suala la afya, na kwa wanafunzi wanaosinzia asubuhi kwa kukosa usingizi, ni suala la elimu.

Je, kuna la kufanya lisilohitaji mtaji wa benki? Lipo, na baadhi yake limejaribiwa hapa hapa kwetu. Katika eneo la mpunga la Ahero, si mbali na Kisumu, watafiti waliweka dari za mikeka ya mafunjo katika nyumba za wanakijiji, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba mbu wa malaria waliokutwa ndani walipungua sana wakilinganishwa na wale wa nyumba zisizo na dari. Wao walikuwa wakiwatafuta mbu. Lakini dari ile ile inayomziba mbu anayeingilia kwenye upenu ndiyo inayosimama kati ya mtu na jiko lile lililoning'inizwa kichwani. Mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo, huota katika vinamasi vya ziwa, na mkeka wake, par, hauhitaji kuagizwa kutoka ng'ambo.

Katika kijiji cha Magoda, mkoani Tanga nchini Tanzania, nyumba za mfano zilijengwa zikiwa na kuta nyepesi zinazopitisha hewa na nyavu za kuzuia wadudu, nyingine zikiwa za ghorofa. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017: ndani yake joto lilikuwa pungufu kwa nyuzi 2.3 kuliko katika nyumba za kawaida za kijiji hicho, na mbu walipungua mno, hasa katika zile za ghorofa. Nyuzi mbili huenda zikaonekana haba kwenye karatasi. Kwa mtu aliyelala ndani ya chandarua, ndizo zinazoamua kama atakivumilia au atakitupa.

Na Rusinga yenyewe ina somo lake. Kati ya miaka ya 2012 na 2015, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, ambacho kina tawi pale Mbita lenye jina la mwasisi wake, Profesa Thomas Odhiambo, kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi kuweka mitego ya mbu inayotumia umeme wa jua katika zaidi ya nyumba 4,000 za kisiwa hicho. Kila nyumba ilipata paneli, taa na mahali pa kuchajia simu, na ndani ya mtego mlikuwa na feni ndogo ya kumvuta mbu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016, na maambukizi ya malaria yalionekana kuwa pungufu kwa takriban asilimia 30 katika nyumba zenye mitego. Kwa mjadala wetu, somo ni jingine: kisiwa kizima kilishuhudia kwamba paneli moja juu ya bati inaweza kuzungusha feni usiku kucha kwa msaada wa betri. Feni ndogo ya sola ya wati 15 inayomlenga mtu kitandani ingekula uniti 3 na nusu hivi kwa mwezi, na hata hizo zisingepita kwenye mita.

Tukiyakusanya mafunzo hayo, utaratibu wa kufuata unajitokeza wenyewe. Kwanza ni paa: lipakwe rangi nyeupe au lichaguliwe bati la rangi isiyoiva, kwa kuwa weupe huurudisha mwanga, chini yake iwekwe dari, na kati ya bati na dari yaachwe matundu pande mbili zinazoelekeana ili hewa ya moto itoke, yakiwa yamezibwa kwa wavu wa waya. Pili ni kivuli: ukuta wa magharibi upate upenu mpana, baraza au mti. Tatu ni upepo. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara, na usiku hugeuka. Dirisha moja halitoshi, sharti yawe mawili yanayotazamana, yenye wavu, ili hewa iingie huku na kutokea kule. Nne ni kuondoa mioto ya ndani: jiko lihamie nje ya chumba cha kulala, na balbu ya zamani ya wati 60, ambayo sehemu kubwa ya umeme wake hugeuka kuwa joto, ibadilishwe kwa ile ya wati 9. Tano ndipo ije feni, izimwe mtu atokapo chumbani. Kiyoyozi, kwa aliye nacho, kiwe cha sita, katika chumba kimoja kilichozibwa, kikiwekwa kwenye nyuzi 25 au 26 na vichujio vyake vikisafishwa.

Dari ya mafunjo ina kasoro zake. Ikilegea huwa makao ya panya na popo, na ikikaribiana na moto ni hatari. Vinamasi navyo si shamba lisilo na mwisho: humo samaki huzaliana, na mafunjo yakifyekwa ovyo mvuvi atakosa kesho alichokula leo. Yavunwe kwa zamu, mashina yakiachwa yachipue. Anayeona mafunjo hayamfai anaweza kutumia mbao nyembamba. Cha muhimu ni kwamba kati ya bati na kichwa pawe na kitu.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kila mtu anaishi katika nyumba yake. Ukweli wa miji yetu midogo si huo. Walimu wengi, wauguzi na vijana wa biashara huishi katika vyumba vya kupanga vilivyojengwa safu kwa safu, bati moja refu likipita juu ya wote, mlango mbele na dirisha moja dogo, au hata hilo lisiwepo nyuma. Mwenye nyumba akiiacha dari ameokoa pesa zake mara moja. Mpangaji hulipia uamuzi huo kila mwezi kwa umeme wa feni, na kila usiku kwa usingizi. Anayejenga si anayelipa bili, na anayelipa bili hana ruhusa ya kugusa paa. Hakuna semina ya kuhimiza watu wabane umeme itakayouvunja ukuta huo. Linahitajika sharti la umma.

Nafasi ya sharti hilo ipo. Kanuni mpya za taifa za ujenzi za mwaka 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025, zilichukua nafasi ya zile za mwaka 1968. Kaunti za Homa Bay na Migori zina mamlaka ya kuidhinisha ramani za majengo. Kisichoepukika ni swali hili: afisa anayepiga muhuri huangalia ukubwa wa kiwanja na umbali wa choo, je, huuliza pia kama chumba cha kupangisha kina dari na madirisha mawili, na kama upande mrefu wa jengo umeyapa mgongo magharibi? Si lazima tubuni elimu hiyo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, lenye makao yake Gigiri jijini Nairobi, lilitoa mwaka 2014 kitabu kizima kuhusu ujenzi unaofaa hali ya hewa ya Afrika Mashariki, na ndani yake eneo la Maziwa Makuu lina mahali pake. Lakini kitabu hicho kiliandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, nacho hakitafika kwa fundi wa Mbita mpaka mtu akifasiri kwa lugha anayoitumia kazini.

Hapo ndipo walimu na wanafunzi wanapoingia. Serikali ianze na majengo yake yenyewe, na shule ndizo za kwanza. Darasa linalojengwa kwa fedha za umma bila dari, lenye madirisha yanayotazama magharibi, ni deni ambalo watoto hulilipa kwa usikivu wao kila alasiri kwa miaka arobaini. Kamati za shule zinapoitwa kupitisha ramani, mwalimu wa jiografia na mwalimu wa sayansi wasikae kimya. Taifa liliahidi Desemba 2022 kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Basi shule zipande fungu lake mahali ambapo kivuli kitaangukia ukuta wa magharibi, wala si kando ya lango ili wageni wapigwe picha.

Lipo pia zoezi ambalo halihitaji ufadhili. Tundika kipima joto kimoja chini ya bati tupu na kingine chini ya dari ya mkeka, visomwe saa mbili asubuhi, saa sita, saa tisa na saa moja jioni kwa wiki mbili, kisha wanafunzi wachore grafu. Darasa litakalofanya hivyo litakuwa na ushahidi wa shule yake lenyewe, ambao hakuna mkandarasi atakayeupuuza kwa urahisi.

Kwa walimu wenzangu wa lugha nina zoezi la pili. Kiswahili cha pwani kina upenu, baraza, ua, dari na ukumbi. Kila neno kati ya hayo limebeba ujuzi wa watu walioishi katika joto kali bila waya hata mmoja, kama zinavyoonyesha nyumba za mawe za Lamu, zenye kuta nene na vichochoro vyembamba ambavyo jua huvifikia kwa muda mfupi tu. Kidholuo kina agola, kile kibaraza kilicho chini ya ukingo wa paa ambapo ukuta hupata kivuli na mtu hupata upepo. Katika nyumba mpya neno hubaki lakini kitu chenyewe kimekatwa ili kuokoa bati mbili. Wanafunzi wa Rusinga na Mfangano waende kwa babu na nyanya zao wakayakusanye maneno ya nyumba katika Olusuba, lugha ya visiwa hivyo ambayo inazidi kumezwa na Kidholuo, waulize kila sehemu ya nyumba iliitwaje na ilifanya kazi gani. Neno kiyoyozi limetujia pamoja na bili yake. Maneno hayo ya wazee hayakuja na bili, na ingekuwa hasara kuyazika pamoja na wenyewe.

Najua atatokea wa kusema kwamba maskini hana nafasi ya kufikiria madirisha yanayotazamana wakati hajui atakula nini. Hoja hiyo ina huruma lakini haina hesabu. Kuugeuza msingi wa nyumba ili upande mrefu utazame kaskazini na kusini hakugharimu shilingi moja ikiwa uamuzi umefanywa kabla ya jembe la kwanza. Dirisha la pili ni gharama ya mara moja. Ni maskini ndiye asiyeweza kulipia kosa la ujenzi kila mwezi kwa umri wake wote, na ni maskini ndiye atakayekatiwa umeme wa kwanza atakaposhindwa.

Nyumba zinazojengwa mwaka huu kutoka Mbita hadi Muhuru zitakuwa zimesimama bado mtoto wa darasa la kwanza wa leo atakapokuwa na watoto wake. Ama tutamrithisha paa linalomkinga, ama tutamrithisha mita ya kulishwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wetu kwa sasa uko juu ya vichwa vyetu, ambapo mkeka, rangi nyeupe na mti mmoja vingali vinatosha kuuziba.